Nissan Leaf na chaja ya ukutani ya kilowati 22: ninunue?

SWALI: Shikamoo injinia. Nimeagiza Nissan Leaf ya 2018 toka Japani, ile ya betri ya kWh 40, iko majini inakuja Dar. Duka moja wananiuzia chaja ya ukutani ya kilowati 22 eti ndo inajaza fasta, mume wangu anasema tuchomeke tu kwenye soketi kama simu, shemeji nae anasema tutafute ya DC. Tunakaa Mbezi, umeme singo fezi, kazini kwenda na kurudi kama kilomita 45. Tuchukue ipi?

JIBU: Marahaba dada. Hiyo ya 22 waachie wenyewe.

Iko hivi, umeme wa nyumbani ni AC, betri inataka DC, na chaja yenyewe ya kugeuza AC kuwa DC imo ndani ya gari, lile boksi la ukutani ni kama swichi yenye akili tu, linaongea na gari, linaliambia mwisho wako ampea kadhaa, alafu linaachia umeme upite. Sasa Leaf nyingi za soko la Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3, zingine 6, kwa hiyo hata ufunge boksi la 22 gari litakunywa 3 zake basi. Na hizo 22 zenyewe zinapatikana kwenye fezi tatu, ampea 32 kila fezi, kwenye singo fezi yako boksi hilohilo halivuki 7.4. Yani unalipia fezi mbili ambazo nyumbani kwako hamna.

Mumeo hajakosea sana. Ampea 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3, na kilomita 45 za foleni na kiyoyozi zinakula kama yuniti 8 au 9 za LUKU, kwa hiyo unachomeka saa nne usiku, saa nane limeshamaliza na we umelala. Tatizo sio muda, tatizo ni soketi. Pasi unaitumia dakika 20 unachomoa, gari linavuta masaa manne bila kupumzika, mi nshawahi kung'oa soketi kwa mteja imeyeyuka nyeusi tii, kumbe alikuwa anapitishia kwenye ekstensheni ya TV! Kwa hiyo mkienda njia hiyo, soketi iwe mpya, imara, na waya wake wa peke yake toka mein swichi, na msivuke ampea 10. Waya utaokuja na gari (kama utakuja, mara nyingi hukuti kitu kwenye buti) una plagi ya Kijapani, msikate plagi mkaunga kienyeji, na someni kibandiko chake, ukikuta umeandikwa volti 100 peke yake msithubutu kuuchomeka.

Ila ningekuwa mimi ningenunua boksi la singo fezi la ampea 32, lenye tundu la Taipu 2 (aina ya plagi ya kuchajia gari), sio lenye waya uliofungwa moja kwa moja, alafu unanunua waya wa Taipu 2 kwenda Taipu 1 maana Leaf ya Japani ni Taipu 1. Kesho ukibadili gari unabadili waya tu, boksi linabaki ukutani. Fundi aliwekee waya wa 6mm² na breka ya ampea 40 hata kama kwa sasa utaliseti kwenye ampea 16, na hakikisha lina kinga ya kuvuja kwa DC ya miliampea 6, bila hiyo RCD ya kawaida (swichi ya kukata umeme ukivuja) inaweza kupofuka isikate siku umeme ukivuja. Na apime ethi kwa mita, asikwambie tu "ipo".

Ya DC ya shemeji inaruka chaja ya ndani na kumwaga umeme moja kwa moja kwenye betri, ndo maana ina kasi, lakini za kawaida ni kama kilowati 50, singo fezi haiiwezi na bei yake ni ya kituo cha mafuta sio ya nyumba. Hiyo ni ya safari. Hata safarini uliza kwanza kama kituo kina CHAdeMO, ndo plagi ya DC ya Leaf, kwa sababu magari ya Ulaya yanatumia CCS2 na ya Kichina mengi GB/T, unaweza kufika ukabaki unaangalia. Alafu betri ya Leaf haina kipoozeo cha maji, ukipiga DC mara mbili tatu mfululizo kwenye joto la Dar gari lenyewe litapunguza kasi ya kuchaji kujilinda.

Kabla hujalipia boksi, mwambie aliyekuuzia aangalie kwa namba ya chesisi kama chaja ya ndani ni 3 au 6. Ikiwa 3 na hela imebana, soketi nzuri inatosha kuanzia.