Taa za Land Rover Series III: anza na ethi
Mkuu, kama taa kubwa ya kushoto ndo inafifia na ukipiga fulu (mwanga mkali) inazidi kufa, usikimbilie kununua balbu, hapo naona ethi tu, yaani ule waya wa taa unaofungwa kwenye bodi kurudisha umeme kwenye hasi ya betri. Washa taa, chukua mita ya kupimia volti, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye pini ya ethi ya taa, ikisoma hata volti 1 basi umeshampata mchawi. Bodi ya hiyo gari ni aluminiamu, ikikutana na bolti ya chuma na maji panaota unga mweupe, we piga msasa mpaka pang'ae, kaza, paka grisi. Taa zote mbili zikiwa bado hafifu funga relei (kifaa kinachobeba umeme wa taa badala ya swichi) na fyuzi zake, maana kiwandani umeme wote wa taa kubwa unapitia kwenye swichi, ndo maana inachemka.