Intaneti Ikikatika Ghafla, Usikimbilie Kile Kitundu cha Nyuma

Ilikuwa saa nne usiku, siku ya Ijumaa, nina faili la kutuma kabla ya saa sita, mara ukurasa ukagoma kufunguka. Nikaangalia simu: Wi-Fi imejaa, lakini hakuna kinachopita. Nikazima ruta na kuiwasha, bado. Nikarudia, bado. Basi nikatafuta pini, nikaichomeka kwenye kile kitundu kidogo cha nyuma kilichoandikwa RESET, nikahesabu mpaka kumi. Taa zote zikazimika, zikawaka upya, nami nikaamini tatizo limekwisha.

Kumbe hitilafu ilikuwa kwa mtoa huduma, na haikufika hata saa moja. Jirani yangu anayetumia laini ya kampuni hiyohiyo alirudi hewani usiku uleule bila kugusa chochote. Mimi nilikaa bila intaneti hadi Jumatatu. Laini yangu ilikuwa ya PPPoE, ule mfumo ambao ruta huingia kwa jina la akaunti na nywila, na kile kitundu kilifuta vyote viwili. Nilipopiga simu, dada aliyepokea aliniuliza kwa upole, "Kaka, ulibonyeza riseti?" Nikamwambia ndiyo. "Basi tutakutumia taarifa za akaunti upya, ila wanaozitoa wanaingia kazini Jumatatu."

Tangu usiku ule sigusi kitu mpaka nijue njia imekatika wapi. Nayaandika haya kwa sababu kila mara naombwa msaada na watu ambao tayari wamekwisha kubonyeza.

Intaneti ya nyumbani hupita vipande vitatu kabla haijakufikia. Kuna kipande cha kutoka simu yako hadi ruta, hicho ndicho Wi-Fi. Kuna kipande cha kutoka ruta hadi kwa mtoa huduma, iwe ni faiba, waya wa simu au mnara. Halafu kuna kipande cha kutoka kwa mtoa huduma kwenda kwingine kote. Ile alama ya Wi-Fi kwenye simu inaeleza kipande cha kwanza tu. Ruta isiyo na laini yoyote, ilimradi ina umeme, itakupa Wi-Fi iliyojaa pomoni. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba "mtandao upo" huku hakuna kinachofunguka.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, ni kifaa kimoja au ni vyote? Chukua simu ya pili, au kompyuta, jaribu. Kama kimoja kinagoma na vingine vinafanya kazi, ruta haina kosa, shughulika na hicho kimoja: kitoe kwenye Wi-Fi, sahau mtandao ule, ingia upya. Angalia pia tarehe na saa. Kompyuta ambayo saa yake imerudi nyuma miaka kadhaa hukataa tovuti nyingi, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Na kabla hujaenda mbali, hakikisha kifurushi hakijaisha. Nimewahi kukagua waya kwa nusu saa nzima kumbe malipo yalikuwa yameisha asubuhi yake.

Kama vyote vimegoma, nenda kaziangalie taa. Usiziangalie kwa kupita, simama dakika mbili nzima. Kwenye kifaa cha faiba kuna taa mbili zenye uzito kuliko nyingine zote: PON na LOS. PON ikitulia bila kupepesa, kifaa chako kimetambuliwa na mtambo wa mtoa huduma. LOS ikiwaka nyekundu au ikipepesa nyekundu, mwanga haufiki kwako, au unafika hafifu mno, na hakuna mpangilio wowote ndani ya ruta utakaosaidia. Ukiiona hiyo, weka pini chini. Tatizo liko kwenye waya au liko kwa mtoa huduma.

Hapo kwenye waya ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo nilipoona mengi. Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na mwanga hupita ndani yake kwa kugonga kuta na kurudi. Ukiukunja kona kali, mwanga unavuja nje pale kwenye kona. Nyumbani kwetu tulisogeza kabati tukafanya usafi, tukalirudisha ukutani. Intaneti haikukatika siku ile. Ilianza kusuasua, ikawa inapotea jioni na kurudi, na siku ya tatu LOS ikawaka. Nilipolala chini na tochi nikaona ule waya mweupe umebanwa kati ya mguu wa kabati na ukuta, umekunjwa kama karatasi. Niliingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu inayoonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa, nikakuta imesomeka −29 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga ambacho kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri ndivyo mwanga ulivyo hafifu. Nikavuta kabati, nikaulegeza waya, nikauzungushia duara pana kama mdomo wa kikombe. Ikapanda hadi −20. LOS ikazimika mbele ya macho yangu.

Hizo namba zina maana. Kwa laini nyingi za faiba za nyumbani, zile za mfumo uitwao GPON, kifaa huhitaji mwanga usioshuka chini ya −27 dBm hivi. Ukikaribia hapo, laini inaishi kwa bahati. Kama ruta yako inaonyesha nguvu ya mwanga, iandike leo wakati mambo ni mazuri, ili siku ya shida uwe na cha kulinganisha.

Maonyo mawili kuhusu faiba, na nayasisitiza. Usichungulie ndani ya kichwa cha waya ulioutoa. Mwanga wake ni wa leza na hauonekani kwa macho, hivyo huwezi kujua kama upo. Na usiguse ile ncha kwa kidole, maana alama ya mafuta ya ngozi au chembe ya vumbi inatosha kuharibu mawasiliano. Kama si lazima, usiuchomoe kabisa.

Taa zikiwa salama na bado hakuna kitu, sasa ndiyo wakati wa kuzima na kuwasha, na hili lina namna yake. Chomoa umeme kwenye soketi, usitegemee kitufe. Subiri dakika moja, ili umeme uliobaki ndani uishe na kumbukumbu ya muda ifutike kweli. Kama una vifaa viwili, kile cha faiba na ruta yenyewe, washa cha faiba kwanza, mpaka taa zake zitulie, ndipo uwashe ruta. Ukiwasha vyote kwa pamoja, ruta inaweza kuomba anwani, ile namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, wakati hakuna wa kuitoa. Na tafadhali elewa tofauti: kuzima na kuwasha hakufuti mipangilio yako, riseti inaifuta yote.

Bado? Ingia ndani ya ruta. Anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kama siyo hizo, fungua maelezo ya Wi-Fi kwenye simu yako, utaiona imeandikwa kama geti au ruta. Ukiwa hapohapo, tazama simu yako imepewa anwani gani. Ikiwa inaanza na 169.254, simu iliomba anwani ikakosa wa kuipa, ikajipangia yenyewe, hivyo shida ni kati yako na ruta. Ikiwa inaanza na 192.168 au 10, kipande cha kwanza huenda ni kizima. Kisha tafuta ukurasa wa hali ya WAN, yaani upande wa ruta unaoelekea kwa mtoa huduma. Pakiwa na anwani, ruta imeunganishwa na mtoa huduma. Pakiwa na 0.0.0.0, haijaunganishwa. Kwenye laini za PPPoE, ukikuta ujumbe kwamba jina au nywila imekataliwa, hilo ni la kumpigia mtoa huduma.

Kuna hali moja inayowachanganya wengi: kila kitu kinaonyesha kizima, WAN ina anwani, lakini tovuti hazifunguki. Mara nyingi hapo ni DNS, ule mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa namba. Ni rahisi kuupima. Kwenye kompyuta fungua dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8, amri ya kuuliza kama anwani hiyo inajibu. Hiyo ni anwani ya seva ya DNS ya Google, na haihitaji kutafsiriwa jina. Ikijibu, njia iko wazi hadi nje. Sasa andika ping na jina la tovuti yoyote unayoijua. Jina likishindwa kupatikana huku namba inajibu, umemkamata mhalifu. Weka kwenye mipangilio ya ruta DNS ya 1.1.1.1 na 8.8.8.8, hifadhi, jaribu tena. Nimeona nyumba iliyokaa nusu siku "bila intaneti" ikirudi kwa dakika mbili kwa njia hii. Ila namba isipojibu usikate shauri papo hapo, kwa kuwa mitandao mingine huzuia ping kwa makusudi.

Kisa kingine kilichonisumbua zaidi ya vyote kilikuwa cha umeme. Kwa wiki nzima ruta ilikuwa inapotea kila jioni, dakika tatu, nne, kisha inarudi. Mtoa huduma akapima laini mara mbili, akasema ni nzima. Siku moja nikakaa mbele ya ruta tangu watu waliporudi nyumbani, nikaitazama tu. Vifaa vikaongezeka, simu, runinga, kompyuta, na baada ya muda nikaona taa zote, ile ya umeme ikiwemo, zimefifia kwa pamoja, zikazimika, zikaanza upya. Laini ikikatika, taa ya umeme haiguswi. Hapa ilikuwa inakufa ruta yenyewe. Adapta ilikuwa imechoka: mzigo mdogo inauweza, ukizidi inashindwa. Nikabadilisha adapta na tatizo halikurudi. Ukibadilisha, soma kibandiko: volti ziwe zilezile, kama ni 12 basi 12, ampea ziwe sawa au zaidi, na mpangilio wa chanya na hasi wa kile kichwa ulingane. Volti zikizidi utaunguza ruta.

Na kama nyumbani kuna mtu anayependa kujaribu mambo, muulize kabla hujahangaika. Mdogo wangu aliwahi kuichukua ruta ya zamani akaiunganisha na mpya ili Wi-Fi ifike chumbani kwake. Wazo lilikuwa zuri. Lakini ile ya zamani nayo ilikuwa inagawa anwani, kwa hiyo simu iliyopata anwani kutoka kwa mpya ilifanya kazi, na iliyopata kutoka kwa ya zamani ilielekezwa kusiko na njia. Leo simu ya mama inafanya kazi, kesho inagoma, na hakuna anayeona mantiki yoyote. Dawa ilikuwa kuizima DHCP, ile huduma ya kugawa anwani, kwenye ruta ya pili na kuipa anwani yake isiyogongana na ya kwanza.

Ikibidi kupiga simu, usiseme "mtandao hamna" ukaishia hapo. Sema umekatika saa ngapi, taa ya LOS ikoje, WAN ina anwani au haina, nguvu ya mwanga inasoma ngapi, na kwamba umekwisha kuzima na kuwasha. Mhudumu akisikia hivyo anaruka yale maswali kumi ya mwanzo. Omba namba ya tatizo lako na uiandike.

Jambo la mwisho ni la kufanya leo, intaneti ikiwa inafanya kazi. Ingia kwenye ruta, piga picha ukurasa wa WAN, ukurasa wa Wi-Fi na ule wa DNS. Piga picha kibandiko cha chini. Kama ruta ina sehemu ya kuhifadhi nakala ya mipangilio, ipakue uiweke kwenye simu yenyewe, siyo kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo hutaifikia mtandao ukikatika. Nywila ya PPPoE kwenye picha itaonekana vidoti tu, kwa hiyo muulize mtoa huduma akupe, uiandike mahali pa siri. Yangu iko ndani ya bahasha, kwenye droo moja na adapta ya akiba.