Kupanga Tii za Mashindano ya Gofu Kusi Ikivuma

Mashindano yakikaribia hakosekani mwanakamati wa kusema, "Rudisheni alama zote nyuma kabisa, wageni wauone uwanja." Anasema alama za tii, mahali pa kupigia pigo la kwanza la kila shimo. Siku hizi huwa namuuliza jambo moja tu: Jumamosi upepo utatoka wapi?

Hapa Malindi hilo ndilo swali la kwanza. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishashika, shimo linaloelekea kusini hurefuka lenyewe hata kama hujagusa alama. Ikija kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, kwenye shimo lile lile upepo unausukuma mpira kutoka nyuma, na kijana mwenye nguvu anakaribia grini, mwisho wa shimo penye bendera, kwa pigo moja. Kwa hiyo usinakili mpango wa mashindano ya Agosti ukautumia Januari. Ni uwanja mwingine huo.

Tena upepo haulingani siku nzima. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa kupanga alama, majani hayatikisiki. Kufika adhuhuri bahari imeamka. Kundi la kwanza litacheza kwenye hewa tulivu, la mwisho litapambana na upepo, na kadi zao zitashindanishwa kwenye ubao mmoja. Ukipanga, mfikirie yule wa saa sita mchana. Chukua shimo la mapigo matatu, yaani linalokusudiwa kumalizwa kwa mapigo hayo, la yadi 170 linalotazama upepo: asubuhi mchezaji wa kawaida anatumia fimbo ya chuma, mchana anatoa draiva, fimbo ya kupigia mbali, na bado mpira unaanguka mbele ya grini. Hapo ndipo foleni huanza, maana kundi la nyuma haliwezi kupiga mpaka grini iwe wazi, na walio mbele wangali wanahangaika bankani, kwenye mtego wa mchanga. Sogeza alama mbele yadi kumi. Hakuna atakayelalamika, na wa mwisho watamaliza kabla ya magharibi.

Ila usisogeze ovyo. Uwanja umepimwa kutoka kwenye alama za kudumu, na hendikepu za watu, yaani mapigo ya nafuu anayopewa kila mchezaji kulingana na uwezo wake, zinategemea kipimo hicho. Kwa mashimo 18, hakikisha jumla ya urefu haitofautiani na ule uliopimwa kwa zaidi ya yadi 100, yaani kama mita 91. Mimi hutembea na daftari: shimo hili nimetoa nane, lile nimeongeza kumi. Ukifika mwisho unajumlisha, na ukiona umeelemea upande mmoja unarudi kurekebisha. Angalia na bendera pia. Ikiwa bendera imefichwa nyuma ya banka, tii isirudishwe nyuma. Mchezaji asiadhibiwe mara mbili kwa shimo moja.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza. Kwa kanuni, eneo la kupigia linarudi nyuma urefu wa fimbo mbili kutoka kwenye mstari wa mbele wa alama. Ukiziweka alama ukingoni kabisa mwa nyuma, eneo hilo linaishia kwenye mteremko au kwenye ua, na mchezaji mwenye haki ya kurudi nyuma kidogo hana pa kusimama. Acha nafasi ya fimbo mbili, na zaidi kidogo ya kuzungusha mkono. Kisha simama katikati ya alama uhakikishe mstari wake umeelekea mahali unapotaka mpira uende. Alama zilizopinda humpeleka mtu vichakani bila yeye kujua.

Nyasi zianze kutunzwa mapema. Wiki mbili tatu kabla, sogeza alama za kila siku mbali na mahali ulipopachagua, hasa kwenye mashimo ya mapigo matatu, kwani fimbo za chuma ndizo zinazong'oa nyasi. Kwenye udongo wetu wa mchanga, kovu la Februari halifungi upesi.

Tii za akina mama na za wazee nazo zipange kwa mkono wako. Nimeona viwanja ambako tii za nyuma zimepambwa kama bibi harusi, na za mbele zimebaki pale pale tangu mwaka jana, vumbi tupu. Hao nao wamelipa kiingilio.

Kama uwanja una mashimo tisa yanayochezwa mara mbili, hapo pana raha yake. Shimo la tatu likirudi kama la kumi na mbili, lipe tii nyingine na pembe nyingine. Mwekee kedi mmoja, mbeba fimbo, kazi ya kuhamisha alama, au tumia rangi mbili tofauti na uzitangaze kabla watu hawajaanza. Anayepiga nje ya eneo lake anaongezewa mapigo mawili na lazima arudi apige mahali sahihi.

Mabango ya wadhamini yakae mbali nyuma ya tii, yakiwa yamefungwa pande zote nne. Bango lililolegea likipigwa na kusi hutoa mlio kama wa kupasuka wakati mtu ameinua fimbo. Na chini ya kila alama weka nukta ya rangi kwenye nyasi. Kuna atakayeipiga teke kwa hasira, na kundi linalofuata litajua pa kuirudisha.