Yule mbawakawa wa Kenya asiye na macho

Mkuu, umeuliza yule mbawakawa wa Kenya aliyepewa jina la Greta Thunberg, yule mwanaharakati wa mazingira kutoka Sweden, yukoje. Anaitwa Nelloptodes gretae. Ni mdogo ajabu, hafiki hata milimita moja! Rangi yake ni manjano iliyopauka, inaelekea dhahabu. Hana mabawa, na macho pia hana; katikati ya pale yangekaa kuna kishimo kidogo tu. Kwa mdudu wa kwenye udongo na majani makavu, macho ya nini? Jina limetokana zaidi na kuenzi kazi ya Greta ya kutetea mazingira, ingawa vipapasio vyake virefu navyo vinafanana kidogo na misuko yake. Ila ukisikia anaitwa spishi "mpya", lisikuchanganye: alikusanywa miaka ya 1960, akakaa kwenye makumbusho London hadi mtafiti Michael Darby alipomtambua na kumpa jina 2019. Miaka zaidi ya 50, jamani.