Kumpiga picha kigong'ota nyumbani

Ndugu, umeuliza utampigaje picha kigong'ota anayegonga mparachichi wa uani kwako Arusha, ilhali kila ukimkaribia huzunguka upande wa pili wa shina. Usimfuate. Keti mahali pamoja mapema asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako, ukilitazama lile tawi kavu analolirudia, kwa kuwa hutafuta mabuu ya wadudu chini ya magome. Kichwa chake huenda kwa kasi mno, hivyo weka kamera ifungue lenzi kwa sekunde 1/1000 au muda mfupi zaidi, ama umsubiri atulie. Katika aina nyingi, dume ndiye mwenye wekundu zaidi kichwani. Tawi hilo usilikate, hata jirani akilalamika, maana kwenye mbao zilizokufa ndimo hutoboa tundu la kutagia; akiwa na makinda, kaa mbali zaidi, wala usimwite kwa sauti zilizorekodiwa.