Konyeza wawili waliodhaniwa mmoja

Umeuliza kuna haja gani ya kupima vinasaba wakati konyeza, wale viumbe wa baharini laini kama uteute, "wote ni walewale". Haja ndiyo hiyo hiyo, ndugu: macho yanadanganya. Mnyama karibu wote ni maji, hana mfupa wala gamba la kupimia, na ukimtia kwenye dawa ya kuhifadhi anasinyaa.

Mtazame konyeza mwenye kuwasha wa Ghuba ya Chesapeake, Marekani. Kwa miongo mingi alihesabiwa spishi moja na wa bahari ya wazi, Chrysaora quinquecirrha, aliyepewa jina 1848. Mwaka 2017 mtafiti Keith Bayha na wenzake walilinganisha jeni zao, za mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati) na za kiini cha seli. Tofauti ikawa kubwa mno kwa spishi moja, na wa ghuba sasa ni Chrysaora chesapeakei.

Kinachonichekesha mimi ni kwamba baada ya hapo hata macho yaliona. Wa ghuba kwa kawaida ana minyiri (ile mikono myembamba inayoning'inia) 24, wa baharini kama 40, tena mwavuli wa huyu wa baharini, yaani mwili wake wa juu, ni mkubwa zaidi. Vyote vilikuwapo siku zote, ila tofauti za namna hiyo zilidhaniwa ni za umri au mazingira.