Mkuu, hiyo kodi usiilipe kabla hujasafiri kutoka nyumba hiyo Jumatatu asubuhi

Mkuu, huyo dalali usimpe hata mia. Mada yako nimeisoma nikiwa kazini, nikashindwa kuendelea na nilichokuwa nakifanya. Unasema umepata kazi Posta, mtaa wa Samora hapa Dar, unaanza mwezi ujao. Umepata vyumba viwili na choo ndani huko Mbezi kuelekea Msakuzi, laki moja na nusu kwa mwezi, na kesho Jumamosi unakwenda kulipa miezi sita. Dalali kakupeleka Jumapili iliyopita mkatumia dakika 40 kutoka mjini. Halafu unauliza mchana watu wanakula wapi, uvae nini, simu uiweke wapi na kama pikipiki itakusaidia. Hayo nitayagusa nikikumbuka. Mimi nimekwama kwenye neno moja tu: Jumapili.

Na mimi nilipelekwa Jumapili.

Ilikuwa 2019. Nimepata mkataba mjini, miezi mitatu ya majaribio, kuingia kazini saa mbili kamili. Dalali akaja na gari ya rafiki yake, kiyoyozi kinapuliza, tukaenda huko huko unakotaka kwenda wewe. Nyumba nzuri kwa kweli: madirisha ya alumini, tangi la maji, uwanja ambao mtoto anakimbia mpaka anachoka. Laki moja na ishirini. Wakati wa kurudi akanipeleka mpaka Posta, akasimamisha gari karibu na sanamu ya Askari, akaninyooshea mkono wenye saa. "Umeona mwenyewe bosi, dakika thelathini na tano." Ni kweli niliona mwenyewe, na ndiyo maana inaniuma mpaka leo. Yule bwana hakunidanganya kwa maneno. Alinidanganya kwa siku.

Jumapili wanafunzi wako nyumbani. Ofisi zimefungwa, maduka mengi ya Kariakoo hayajafunguliwa, malori yamepungua, na hakuna trafiki anayeshikilia upande mmoja wa makutano mpaka madereva wanazima injini na kushuka kunyoosha miguu. Dar ya Jumapili na Dar ya Jumatatu ni miji miwili, ndugu yangu. Dalali anaijua hiyo tofauti kuliko wewe na mimi, kwa sababu anaishi hapa na hiyo ndiyo kazi yake. Hawezi kukuonyesha nyumba ya Msakuzi Jumatatu asubuhi, mteja atamkimbia njiani.

Nikalipa miezi sita, 720,000. Ya dalali mwezi mmoja, 120,000. Jumla 840,000, na nusu yake nilikopa kwa kaka yangu.

Jumatatu ya kwanza nikatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, nimevaa vizuri, nikijiambia nina muda wa kutosha wa kunywa chai mjini. Kwanza kutoka ndani mpaka Mbezi Mwisho ni bodaboda, hakuna namna nyingine, barabara ya vumbi yenye mashimo. Kutoka Mbezi mpaka Kimara ni daladala, na mwaka ule barabara ya Morogoro ilikuwa inapanuliwa kuanzia Kimara kwenda Kibaha, kwa hiyo tulikuwa tunatambaa kwenye michepuko tukila vumbi. Nikafika Kimara Mwisho. Kukata tiketi foleni, chenji hakuna. Basi la mwendokasi, lile lenye njia yake peke yake, likaingia na watu tukajipanga mlangoni, kumbe limeshajaa. Lilikuwa linatoka mjini na ndani viti vyote vina watu! Sikuelewa mpaka mama mmoja pembeni yangu akaniambia, "Hao wamegeuza nalo, baba." Watu wa Baruti na Korogwe, vituo vya jirani na Kimara, wanapanda basi linalokuja Kimara, wanakaa, wanageuza nalo kurudi mjini. Wewe wa Kimara unagombania nafasi ya kusimama. Mabasi matatu yakanipita. La nne niliingia kwa kusukumwa, miguu yangu haikufanya kazi yoyote.

Ofisini niliingia saa tatu kasoro robo. Siku ya kwanza ya kazi.

Nikajirekebisha. Nikawa natoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri. Maana yake kuamka saa tisa na nusu. Hapo nikawa nafika saa moja na nusu, siku ikiwa nzuri. Jioni natoka saa kumi na moja, nafika nyumbani saa mbili, mara nyingine saa mbili na nusu. Piga hesabu: saa sita kwa siku, siku 22 za kazi, ni saa 132 kwa mwezi. Siku tano na nusu za usiku na mchana, nimesimama nimeshika bomba.

Sasa hesabu ya pesa, na hii naomba uisome taratibu. Wakati ule boda ilikuwa 2,000 kwenda na 2,000 kurudi. Daladala 400 mara mbili. Mwendokasi 650 mara mbili. Jumla 6,100 kwa siku, mara 22 ni 134,200. Nauli ilizidi kodi! Ukijumlisha na kodi yenyewe, nilikuwa natoa 254,200 kwa mwezi ili niishi "sehemu ya bei nafuu". Kabla ya pale nilikuwa nimekataa chumba na sebule Magomeni kwa laki mbili, nikasema ni ghali na kadogo. Kutoka Magomeni ni mwendokasi peke yake, 1,300 kwa siku, 28,600 kwa mwezi. Jumla 228,600. Ile niliyoiita ghali ingeniachia 25,600 mfukoni kila mwezi, na usingizi wa kutosha. Karatasi yenye hesabu hiyo niliiandika mwezi wa pili, nimeketi ngazini mjini nasubiri mvua ipungue. Mtu yeyote angeweza kuiandika kabla. Mimi sikuiandika, kwa sababu nilikuwa nimeona dakika 35 kwa macho yangu.

Na mvua je? Masika yakianza, boda anakwambia 3,000 au anakwambia haendi, tope limemshinda. Nimetembea mara nyingi kwenda Mbezi Mwisho gizani, viatu mkononi, suruali nimekunja hadi magotini. Halafu mto Msimbazi ukijaa, pale Jangwani panafungwa, na mwendokasi inaishia Magomeni. Wote tunashuka. Mtakaa hapo Magomeni Mapipa maelfu ya watu mnaangalia maji, ofisi mnaiona ng'ambo, na kila mmoja anampigia simu bosi wake kueleza jambo lile lile.

Bosi anayekaa Upanga, karibu na mjini, hilo jambo halielewi, anaona saa tu. Nilichelewa mara kumi na moja ndani ya miezi mitatu. Barua ya onyo ya kwanza, ya pili, halafu majaribio yakaisha na mkataba haukuendelea. Nikabaki Msakuzi bila kazi, nina miezi mitatu ya kodi niliyolipia tayari.

Nikamwendea mwenye nyumba kuomba anirudishie walau nusu. Akanionyesha juu: pesa imeshakuwa mabati. Sikumlaumu sana, yeye hajawahi kuniambia dakika 35. Nikampigia dalali. Alipokea mara moja, akasema atanitafutia mtu wa kuchukua nafasi yangu, anirudishie miezi iliyobaki.

Akamleta kweli. Jumapili, saa tisa alasiri. Kijana wa kama miaka ishirini na tano, na kiyoyozi kile kile. Nimesimama mlangoni namsikia dalali anamwambia, "Kutoka hapa mpaka Posta ni dakika thelathini na tano, muulize hata huyu braza." Wakanigeukia wote wawili. Mkuu, mimi ile pesa nilikuwa naihitaji. 360,000, na deni la kaka yangu lilikuwa bado. Yule kijana ananiangalia, mkononi ana bahasha. Nikamwambia, "Rudi kesho saa kumi na moja alfajiri, tutaenda wote mpaka Posta, ukifika ukiipenda nitakuachia na pazia." Dalali akanivuta pembeni akaniita mchawi. Kijana alirudi kweli kesho yake, tukaenda wote mpaka Kimara. Aliangalia milango ya basi la kwanza ikifunga na watu wakining'inia, akanishika mkono akasema asante kaka, akavuka barabara akarudi kwao. Dalali hajapokea simu yangu tena.

Kwa hiyo wewe ni wa pili.

Kingine ambacho sijakihesabia pesa. Nilikuwa na binti wa miaka miwili. Natoka amelala, narudi amelala. Jumamosi moja nikataka kumpeleka kwa bibi yake, nikamvalisha viatu nilivyomnunulia mwenyewe, mguu ukakataa kuingia. Nikafikiri nimekosea upande. Mke wangu akaniambia hivyo alishaviacha tangu mwezi uliopita. Nilikaa chini na kile kiatu mkononi muda mrefu.

Basi, kanuni yangu ni moja na naisema kila mahali mpaka watu wamenichoka: safiri kwanza kutoka kwenye nyumba Jumatatu asubuhi, ndipo ulipe. Nenda Jumapili jioni ukalale kwa mtu jirani na pale, au hata gesti ya Mbezi. Alfajiri simama mlangoni kwa nyumba yenyewe, siyo kituoni. Tumia usafiri utakaotumia ukishahamia, usibebwe na gari ya mtu. Saa uliyotoka iandike, ukifika mlango wa ofisi iandike tena. Kaa mjini mpaka saa kumi na moja jioni, halafu rudi mpaka pale pale mlangoni, maana jioni ni mbaya kuliko asubuhi na hakuna anayekwambia. Usipime shule zikiwa zimefungwa, Juni au Desemba, hapo napo utaona jiji ambalo halipo. Kama ni kipindi cha mvua, shukuru, umepata kipimo cha kweli. Nauli zote za siku hiyo zizidishe kwa 22, ujumlishe na kodi, ndiyo kodi yako halisi.

Najua wadau watakuja kuniambia mambo yamebadilika. Barabara imeshapanuliwa, stendi ya Magufuli ipo Mbezi tangu 2021, Ubungo kuna madaraja. Nayajua, napita hapo. Njia nane za Kibaha mpaka Kimara hazifiki Posta. Na kilomita zako kutoka Msakuzi hazimo kwenye hizo nane. Anayebisha amwambie mleta mada atoke kule Jumatatu bila gari lake mwenyewe, halafu ndipo tubishane.

Na usidhani ni Mbezi tu. Wa Chanika, wa Chamazi, wa Bunju wana habari zao. Jioni pale Posta utawaona watu wa Gongo la Mboto wanadandia daladala inayoingia kituoni kabla haijashusha, wengine wanaifuata vituo viwili nyuma, wanalipa nauli mara mbili ili wageuze nayo na kupata kiti. Mtu mzima anayelipa mara mbili ili akae, muulize yeye umbali wa nyumba yake. Huyo ndiye wa kumuuliza, dalali muache.

Umeuliza kuvaa. Viatu vya ofisini vibebe kwenye mkoba, njiani vaa kandambili au raba. Asubuhi pale Posta utawaona kina dada wamekaa kwenye ukingo wa bustani wanabadilisha, na vijana wanaong'arisha viatu wana kitambaa cha kukufutia vumbi. Chakula cha mchana usibebe kwenye hotpoti yenye mchuzi kama utapandia Kimara. Siku moja ya dada mmoja ilifunguka kwenye msukumano, mchuzi wa dagaa ukaishia kwenye mkono wa shati langu jeupe. Yule dada alilia. Nilidhani analilia shati langu, kumbe ndicho chakula alichokuwa nacho siku ile. Mama ntilie wapo, tembea kutoka Samora kuelekea Kisutu, hutalala njaa. Simu mfuko wa mbele, na mkono uwe juu yake mlango unapofunguka.

Leo ni Ijumaa. Kesho mwambie dalali una udhuru, akikwambia kuna mteja mwingine anaitaka nyumba, mwache huyo mteja ailipie. Jumatatu alfajiri ukiwa Kimara Mwisho andika hapa hapa ni basi la ngapi limekupita. Nitakuwa macho.